uv na toleo la msingi la Python: mapitio ya zana, sambamba na pyenv na virtualenv

Ubuntu 22.04 inakuja na Python 3.10. Ubuntu 24.04 ina 3.12, Debian 12 ina 3.11, Debian 13 ina 3.13. Andika `python3 -m venv .venv` kwenye mashine hizo nne na utapata mazingira pepe (folda yenye Python na vifurushi vya mradi mmoja) ya matoleo manne tofauti, bila mtu yeyote kuchagua. Moduli ya `venv`, iliyomo ndani ya Python tangu 3.3, haina nafasi ya kutaja toleo: inajenga mazingira kwa Python ile ile iliyoiendesha. Ukitaka 3.13 lazima uite `python3.13 -m venv .venv`, na lazima 3.13 iwe imekwisha kusakinishwa.

Ndiyo maana watu hutafuta njia ya kusema mara moja tu: mazingira yangu yote mapya yawe ya 3.13, isipokuwa mradi ukisema vinginevyo. Sehemu ya mwisho ya sentensi hiyo ndiyo inayopima zana. Toleo la msingi linapaswa kuwa amri dhaifu kuliko zote: lifanye kazi pale ambapo hakuna aliyetaja kitu, na linyamaze mara mradi unapotaja toleo lake. Chaguo-msingi linalong'ang'ania hata mbele ya mradi huleta hitilafu ngumu kugundua, kwa sababu msimbo ni ule ule na mashine ya mwenzako inauendesha vizuri.

Kwa kipimo hicho tunaipitia uv, zana ya kampuni ya Astral (walewale wa Ruff, kikaguzi cha msimbo wa Python), iliyotoka Februari 2024 na kuanza kusimamia matoleo ya Python Agosti mwaka huohuo. Ni programu huria, haina malipo, na inatolewa chini ya leseni za MIT na Apache 2.0. Tutaipima pamoja na pyenv, inayosimamia matoleo ya Python, na virtualenv, inayojenga mazingira pepe, kwa kuwa wasomaji wengi tayari wanazo.

Kabla ya zana yoyote, kuna jambo moja la kukataa moja kwa moja. Usibadilishe `/usr/bin/python3` kwa `update-alternatives` wala kwa kiungo ulichotengeneza mwenyewe. Ushauri huo bado unazunguka mitandaoni. Ubuntu na Debian hutumia Python hiyo kwa kazi zao za ndani, na moduli kama `apt_pkg` zimekompailiwa kwa toleo la mfumo peke yake. Ukiigeuza, utakutana na `No module named 'apt_pkg'` ukiwa katikati ya kusakinisha kitu, na wakati mwingine terminali ya GNOME inakataa kufunguka kabisa. Python ya mfumo iache kwa mfumo.

Kusakinisha na kuweka chaguo-msingi

uv imeandikwa kwa Rust na haihitaji Python iwepo ili ifanye kazi. Faida yake inaonekana ukiitazama virtualenv, ambayo inaishi ndani ya Python fulani na kuchukua Python hiyo kuwa chaguo lake la kwanza. Ukiisakinisha virtualenv upya kwa Python nyingine, chaguo-msingi linabadilika bila taarifa. Kwa uv tatizo hilo halipo.

Kwenye Linux na macOS:

```
curl -LsSf https://astral.sh/uv/install.sh | sh
```

Programu inawekwa `~/.local/bin`. Ukiandika `uv` na sheli ikasema haiijui, fungua terminali mpya. Ikiendelea kukataa, folda hiyo haimo kwenye `PATH` (orodha ya folda ambamo sheli hutafuta programu), iongeze kwenye `.bashrc` au `.zshrc`. Kisha:

```
uv python install 3.13
uv python pin --global 3.13
```

Amri ya kwanza inapakua Python iliyokwisha kukompailiwa kutoka mradi wa python-build-standalone na kuiweka chini ya `~/.local/share/uv/python`. Amri ya pili inaandika faili moja dogo, `~/.config/uv/.python-version`, lenye mstari mmoja: `3.13`. Kwenye Windows faili hilo liko `%APPDATA%\uv\.python-version`. Amri hiyo ya pili haibadilishi kingine kwenye mashine, na ukitaka kufuta chaguo-msingi unafuta faili hilo tu.

Matoleo ya mwanzo ya uv hayakuwa na `--global`. Ikikataliwa, sasisha kwa `uv self update`. Amri hiyo inafanya kazi tu kama ulisakinisha kwa hati ya hapo juu. Aliyesakinisha kwa Homebrew au pip (kisakinishi cha vifurushi vya Python) asasishe kwa njia hiyohiyo aliyosakinishia. Sababu nyingine ya kuisasisha uv mara kwa mara ni kwamba orodha ya matoleo ya Python inayoweza kupakua imo ndani ya uv yenyewe. uv ya zamani haijui toleo jipya lililotoka baada yake, na itakwambia halipatikani ingawa dunia nzima inalitumia.

Andika "3.13", usiandike "3.13.1". Ukitaja tarakimu tatu, uv itadai toleo hilo hasa na kulipakua hata kama una jingine la 3.13 lililo salama zaidi. Tarakimu tatu zifaa pale unapochunguza hitilafu ya toleo mahususi, si kwa matumizi ya kila siku.

Mpangilio wa nani anasikilizwa

Hapa ndipo uv inashinda kwa sababu ngazi zake ziko wazi, na hapohapo ndipo wengi wanapokosea. Ukiandika `uv venv` (kujenga mazingira) au `uv sync` (kuyalinganisha na mahitaji ya mradi), uv inatazama hivi: kwanza ombi la moja kwa moja, yaani `--python 3.11` au kigeu cha mazingira `UV_PYTHON`. Lisipokuwepo, inatafuta faili la `.python-version` kwenye folda uliyomo, kisha folda za juu yake, lakini haivuki mpaka wa mradi. Isipopata, inasoma lile la `~/.config/uv`. Ndani ya mradi, `requires-python` iliyomo kwenye `pyproject.toml`, faili la mipangilio ya mradi, ina kauli ya kukataa: toleo lisiloingia ndani ya mipaka yake halikubaliki. Kama hakuna aliyetaja chochote, inachukua Python ya kwanza inayofaa kati ya zile ilizozipata.

Sasa utaona kwa nini kuweka `export UV_PYTHON=3.13` ndani ya `.bashrc` ni kosa, ingawa ni ushauri unaotolewa kwa nia njema. Kigeu hicho ni sawa na kuandika `--python 3.13` kwenye kila amri. Kinashinda `.python-version` ya kila mradi. Mradi uliofungwa kwenye 3.11 utajengewa mazingira ya 3.13 bila onyo, ilimradi `requires-python` yake inaruhusu, na nyingi zinaruhusu kwa kuwa huandikwa `>=3.9` au `>=3.10`. Ulitaka chaguo-msingi, ukapata sheria. pyenv ina mtego uleule kwa jina `PYENV_VERSION`. Vigeu hivi viwili mahali pake ni amri moja au kazi moja, si faili la kuanzisha sheli.

Mtego wa pili ni faili lililosahauliwa. Aliyewahi kutumia pyenv na kuandika `pyenv local 3.9` akiwa kwenye folda yake ya nyumbani ana `~/.python-version` mpaka leo. uv inalisoma. Kwa kuwa ni folda ya juu ya karibu kila kitu ulicho nacho, linashinda faili lako la `--global` kila unapokuwa nje ya mradi. Dalili yake: umeweka 3.13, `uv venv` kwenye folda tupu inaleta 3.9. Angalia kwa `ls -a ~`, ulifute, yaishe.

Kujua uv itachagua nini kabla haijajenga:

```
uv python pin
uv python find --system
uv python list
```

`uv python pin` bila tarakimu inaonyesha toleo lililotajwa. `uv python find` inatoa njia kamili ya Python itakayotumika. Ongeza `--system` ili isikupe ile ya mazingira yaliyowashwa tayari. Hapa lakini pyenv ni bora, na tungependa uv iige: `pyenv version` inakutajia toleo pamoja na faili lililoliweka, kwa mstari mmoja. Kwa uv lazima uongeze `-v` na kusoma mistari mingi ya kumbukumbu ili upate jibu hilohilo.

Kile ambacho chaguo-msingi haligusi

Mazingira pepe yaliyokwisha kujengwa hayabadiliki. Toleo limefungwa siku ya kujenga, na limeandikwa ndani ya `.venv/pyvenv.cfg`. Ukibadilisha chaguo-msingi kutoka 3.12 kwenda 3.13, `.venv` za zamani zinabaki 3.12, na ndivyo inavyotakiwa. Ndani ya mradi wa uv, ukibadilisha `.python-version` ya mradi kisha ukaendesha `uv sync`, uv inayabomoa na kuyajenga upya yenyewe. Nje ya mradi, jenga upya kwa mkono: `uv venv --clear`, halafu sakinisha vifurushi tena.

Pia `uv python pin --global` haibadilishi maana ya neno `python3` kwenye terminali. Wengi hulalamika hapa wakidhani zana imeharibika: wameweka 3.13, wameandika `python3 -V`, wameona 3.10. Faili lile linasomwa na uv peke yake. Anayetaka `python` na `python3` za terminali pia zifuate anayo amri nyingine:

```
uv python install 3.13 --default
```

Inaweka viungo vya `python` na `python3` ndani ya `~/.local/bin`. Watengenezaji wenyewe wanaieleza kuwa ya majaribio, na inategemea `~/.local/bin` itangulie `/usr/bin` kwenye `PATH`. Ukisha kuiweka, usijaribu `pip install` juu yake: Python zinazosimamiwa na uv zimewekewa alama ya kukataa vifurushi nje ya mazingira pepe, sawa na Debian 12 na Ubuntu za sasa. Ni ukali mzuri.

Jambo linalofuata linahitaji umakini kuliko yote ya sehemu hii. `uv venv` haiweki pip ndani ya mazingira. Unawasha `.venv`, unaandika `pip install requests`, amri inapita, kisha `import requests` inashindwa. Sheli haikuona pip ndani ya `.venv`, ikaendelea na `PATH` mpaka ikapata pip nyingine, na kifurushi kikaenda kwenye Python nyingine kabisa. Mtu hulaumu toleo la msingi wakati kosa ni la pip. Tumia `uv pip install`, au jenga kwa `uv venv --seed` ambayo inaweka pip ndani.

Programu unazosakinisha kwa `uv tool install` zina mazingira yao. Hizo zinasoma toleo la `--global` lakini kwa makusudi hazisomi `.python-version` ya folda uliyosimama, na ni sawa: hutaki Ruff ibadilike kwa sababu tu ulikuwa ndani ya mradi fulani ulipoisakinisha.

uv init, mahali chaguo-msingi linapoacha alama

Ukianzisha mradi kwa `uv init`, toleo lililochaguliwa linaingia kwenye `pyproject.toml` kama `requires-python = ">=3.13"`. Kuanzia hapo si chaguo lako binafsi tena, ni sharti la kila atakayeutumia mradi. Kwa programu ya kazini inayoendeshwa kwenye seva moja hakuna neno. Kwa maktaba utakayoichapisha PyPI, hifadhi ya umma ya vifurushi vya Python, ni kizuizi: mwenye 3.12 hataweza kuisakinisha, na huenda hakuna hata mstari mmoja wa msimbo wako unaohitaji 3.13. Fungua `pyproject.toml` mara tu baada ya `uv init` na uandike toleo la chini kabisa unalokusudia kulihudumia, au anza kwa `uv init --python 3.11`.

Kinyume chake, `.python-version` ya mradi ikisema 3.9 na `requires-python` ikisema `>=3.11`, uv inasimama na kutaja faili lenye ugomvi. Ujumbe wake hapa ni mzuri, unasomeka, na unakuonyesha pa kurekebisha. Hatujaona zana nyingine ya kundi hili inayolinganisha vitu hivi viwili kwa uwazi namna hiyo.

Bando, diski, na Python ya mfumo

Kwa hali ya kawaida uv ikikosa toleo lililotajwa inalipakua bila kuuliza. Kila Python ni makumi ya megabaiti. Kwenye ofisi yenye mtandao wa waya hutaona, lakini anayefanya kazi kwa bando la simu Dodoma au Kisumu, na kufungua miradi ya watu mitatu yenye matoleo matatu, ataona. Zima tabia hiyo kwenye `~/.config/uv/uv.toml`:

```
python-downloads = "manual"
```

Sasa kupakua kutatokea pale tu unapoandika `uv python install`. Kwa upande wa vifurushi, uv inakuokolea badala ya kukugharimu: kila kifurushi kinapakuliwa mara moja, kinawekwa kwenye kashe, na mazingira mapya yanakiunganisha kutoka hapo. Mazingira kumi yenye NumPy ileile hayapakui NumPy mara kumi wala hayajazi diski mara kumi, ilimradi kashe na miradi viko kwenye diski moja. Vikiwa kwenye diski mbili tofauti uv inalazimika kunakili, na inatoa onyo. Baada ya kila kitu kuwa kwenye kashe, `uv sync --offline` inajenga mazingira bila mtandao kabisa.

Mpangilio mwingine wa faili hilohilo ni huu:

```
python-preference = "only-managed"
```

Tunaupendekeza kwa kompyuta binafsi yenye Linux. Bila huo, uv inapendelea Python ilizozisakinisha yenyewe, lakini kama haina, inachukua ya mfumo kabla ya kupakua. Kwa hiyo mwenye Ubuntu 22.04 aliyetaja 3.10 atapata mazingira yanayoelekea `/usr/bin/python3.10`. Siku akipandisha mfumo kwenda 24.04, Python hiyo inaondoka, na kila `.venv` iliyoitegemea inabaki na kiungo kisichoelekea popote. Ujumbe utakaouona ni kwamba `.venv/bin/python` haipo, ingawa `ls` inaionyesha. Tiba ni kufuta `.venv` na kuendesha `uv sync`. Kwa `only-managed` kupandisha mfumo hakugusi miradi.

Kwenye Docker (zana ya kuendesha programu ndani ya kontena) geuza fikra hiyo. Picha ya `python:3.12-slim` tayari ina Python yake, na `.python-version` ya mradi ikisema 3.13, uv itapakua Python ya pili ndani ya kontena. Kila kitu kinafanya kazi, picha inanenepa, na ile Python uliyoilipia kwenye mstari wa `FROM` haitumiki. Weka `ENV UV_PYTHON_DOWNLOADS=0` ili ujenzi ushindwe kwa sauti, kisha ulinganishe mstari wa `FROM` na `.python-version`.

pyenv na virtualenv zinasimama wapi

pyenv imetokana na rbenv ya Ruby, imeandikwa kwa hati za sheli, na imehudumia watu kwa miaka mingi. `pyenv global 3.13` inaandika `~/.pyenv/version`, `pyenv local` inaandika `.python-version`, la mradi linashinda la jumla. Kwa kipimo chetu inafaulu vizuri. Faida yake juu ya uv ni kwamba chaguo-msingi lake linashika kila kitu kwenye terminali, pamoja na `python -m venv` na Poetry (zana nyingine ya kusimamia miradi), kwa kuwa inatanguliza kwenye `PATH` folda ya `shims`, yaani programu ndogo zinazoelekeza kwa Python iliyochaguliwa.

Gharama yake ni kukompaili. `pyenv install 3.13` inachukua msimbo wa C wa Python na kuujenga hapo kwako, na inahitaji vifurushi vya maandalizi. Kwenye Ubuntu:

```
sudo apt install build-essential libssl-dev zlib1g-dev \
  libbz2-dev libreadline-dev libsqlite3-dev libncursesw5-dev \
  xz-utils tk-dev libffi-dev liblzma-dev
```

Ubaya ni kwamba baadhi vikikosekana ujenzi haushindwi, unamalizika na Python yenye pengo. Bila `libffi-dev` utakutana na `No module named '_ctypes'` siku nyingine kabisa, na bila `libsqlite3-dev` Django itagoma kwa kukosa `_sqlite3`. Kusakinisha kifurushi kilichokosekana baadaye hakutoshi. Lazima `pyenv install --force` ijenge upya. Kwenye kompyuta ya nguvu ndogo ni kazi ya kusubiri. Windows haimo: pyenv-win ni mradi mwingine wenye watu wake.

Wanaotumia pyenv-virtualenv wajihadhari wanapochanganya na uv. Programu-jalizi hiyo huandika jina la mazingira, mfano `duka-env`, ndani ya `.python-version`. Hilo si toleo la Python, na uv haiwezi kulifanyia kazi. Faili moja haliwezi kutumikia zana hizo mbili kwa maana mbili, andika `3.13` humo na uache pyenv ichague.

virtualenv yenyewe inaruhusu chaguo-msingi kwa njia mbili: kigeu `VIRTUALENV_PYTHON=python3.13`, au faili la `virtualenv.ini` lenye

```
[virtualenv]
python = python3.13
```

Kwenye Linux faili hilo liko `~/.config/virtualenv/`, na `virtualenv --help` inakuonyesha mwishoni mwake njia halisi kwa mfumo wako. Alama ya `-p` kwenye amri inashinda vyote viwili, vizuri. Kasoro ni kwamba virtualenv haisomi `.python-version` wala `requires-python`. Chaguo-msingi lake linakutii wewe, mradi haliujui. Wala haisakinishi Python; toleo lisipokuwepo inasimama.

Kwa virtualenvwrapper (amri za nyongeza juu ya virtualenv) kuna kosa linalorudiwa miaka nenda rudi. `VIRTUALENVWRAPPER_PYTHON` haiweki toleo la mazingira mapya. Inaeleza ni Python ipi iendeshe virtualenvwrapper yenyewe. Ukiielekeza kwa Python isiyo na virtualenvwrapper ndani yake, sheli yako itatoa makosa kila unapofungua terminali. Unachotaka kwa ajili ya `mkvirtualenv` ni:

```
export VIRTUALENVWRAPPER_VIRTUALENV_ARGS='-p python3.13'
```

Kwenye Windows bila uv, kizinduzi cha `py` kinasoma kigeu `PY_PYTHON`. Kiweke 3.13 na `py -m venv .venv` itafuata, huku `py -3.11 -m venv .venv` ikishinda. Kwa anayehitaji Python mbili tu hiyo inatosha, hana sababu ya kuongeza zana.

Na kama kazi yako ina Python, Node na Java pamoja, mise, zana inayosimamia matoleo ya lugha nyingi, inafaa kuliko uv. `mise use --global python@3.13` inafanya kazi ileile, na Node inaingia kwenye faili hilohilo. uv inajua Python tu.

Toleo gani liwe la msingi

Python mpya hutoka kila Oktoba na kuhudumiwa miaka mitano. 3.9 ilifikia mwisho Oktoba 2025, 3.10 inafikia Oktoba 2026. Kwa mashine ya kazi weka toleo lililo nyuma ya jipya kabisa kwa hatua moja: 3.14 ilitoka Oktoba 2025, basi 3.13 ndiyo ya msingi. Sababu ni maktaba zenye msimbo wa C. Baadhi huchelewa kutoa faili za `.whl` (vifurushi vilivyokwisha kukompailiwa) kwa toleo jipya, na zisipokuwepo usakinishaji unageuka kuwa ukompailaji, unadai gcc na vichwa vya C, na kushindwa kwa mistari mia mbili isiyosomeka.

Miradi ya zamani ina mpaka wake. 3.12 iliondoa `distutils` na `imp`, na mazingira pepe ya toleo hilo hayaletewi tena setuptools, hivyo `No module named 'pkg_resources'` ikawa jambo la kawaida. 3.13 iliondoa `cgi`, `crypt` na `telnetlib`. Mradi unaotegemea hivyo usiuache kwenye chaguo-msingi: ingia ndani yake, andika `uv python pin 3.11`, uhifadhi `.python-version` kwenye Git pamoja na msimbo.

VS Code ina kumbukumbu yake tofauti. Mpangilio wa `python.defaultInterpreterPath` unasomwa mara ya kwanza tu folda inapofunguliwa. Ukisha kuchagua Python kwa mkono, kuubadilisha hakuna athari. Mazingira yakijengwa upya kwa toleo jipya, chagua `.venv/bin/python` tena kwenye VS Code. Daftari za Jupyter vilevile hazifuati chaguo-msingi, zinafuata kerneli (Python inayoendesha daftari): ongeza `uv add --dev ipykernel` kwenye mradi na uchague kerneli ya `.venv`.

Ukifika wakati wa kuondoa toleo la zamani, `uv python uninstall 3.11` haikuulizi ni mazingira mangapi bado yanalitegemea. Yatafute kwanza:

```
grep -r --include=pyvenv.cfg "^version_info" ~/miradi
```

Badilisha `~/miradi` kuwa folda unayoweka kazi zako. Mazingira yaliyojengwa kwa `python -m venv` huandika `version` badala ya `version_info`, kwa hiyo rudia utafutaji kwa neno hilo pia. Kila mstari utakaotaja 3.11 ni `.venv` itakayovunjika, zipandishe au zifute kwanza, ndipo uondoe.